Homa ya Mikeke

Mikeke ya Mama Pétronille, wale samaki wa ziwani, ilimwagiwa petroli mchana kweupe, sokoni Kalundu, mbele ya macho ya watu, na huyo aliyeimwagia alikuwa amevaa glavu nyeupe kama daktari. Hakuuliza samaki wametoka wapi. Hakunusa hata mmoja. Alifungua kidumu, akamimina, akasogea kwa Mama Consolate aliyekaa pembeni, akaimwagia mikeke yake pia. Akina mama walipopiga kelele, aliwajibu kwamba ni amri ya juu: mikeke ina homa, labo imeona.

Labo imeona! Na labo hiyo, maabara hiyo, ilikuwa nani kama si Fabiola? Katika kile kituo kidogo cha utafiti wa ziwa, kilichojengwa juu kidogo ya barabara ya kwenda Makobola, hapakuwa na mwingine aliyejua kuitumia hadubini ile ila yeye, binti wa Pétronille, aliyesomeshwa kwa mikeke hiyohiyo tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Na sasa mama yake alikuwa amesimama mlangoni pa labo, beseni tupu mkononi, kitenge kinanuka petroli, anamtazama.

"Fabi," mama akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilimtisha mtoto wake. "Weye ndiye ulisema samaki yangu iko mugonjwa?"

"Minye? Mama, minye sikusema!"

"Sasa nani alisema?"

Fabiola alijua nani alisema. Alijua siku, alijua kiti alichokalia aliyesema, na alijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama palepale, mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, asipewe nafasi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake, maana hao waliomwaga petroli hawakuielewa na wala hawakujisumbua kuuliza. Fabiola alikuwa anapima joto. Si joto la mtoto kwapani, wala si joto la ziwa kwa kutumbukiza kipimajoto ukingoni. Alipima joto la seli, vile vichumba vidogo vilivyo hai ambavyo mwili wa samaki umejengwa navyo, kama ulivyojengwa wako na wangu. Alichukua kipande cha shavu la mukeke aliyetoka majini asubuhi ileile, akazitenganisha seli zake, akazinywesha rangi inayong'aa chini ya hadubini. Rangi hiyo ina tabia moja: seli ikipata joto, mng'ao unafifia, ikipoa, mng'ao unarudi. Ukiutazama mng'ao, unajua joto la ndani. Pembeni ya seli, katika tone lilelile la maji, aliweka kiwaya chembamba kuliko unywele, kipime joto la nje. Kwenye kioo cha kompyuta ilitembea mistari miwili, mwekundu wa ndani na wa bluu wa nje.

Alitaka kujua kitu kimoja tu. Ziwa hili likizidi kupata joto, seli ya mukeke itavumilia mpaka wapi? Ni swali la mtu aliyekula mukeke maisha yake yote na anayetaka watoto wake nao waule.

Kazi hiyo haitaki mchezo. Mlango ufungwe, kiyoyozi kingurume, na joto la chumba lisicheze. Hata Fabiola mwenyewe hakuinamia tone lile ovyo, maana pumzi ya mtu mmoja inatosha kuivuruga mistari. Alikaa kwenye kistuli chake, mikono mapajani, akisubiri. Wenzake walimtania kwamba analea mayai.

Haya, sasa njoo kwenye siku ya ugeni. Kituo kikapata habari kwamba Bwana Sévère, shefu wa division, mkuu wa idara ya serikali mkoani, atakizuru. Direkta Léopold, mwenye kukiongoza kituo, hakulala. Alipaka rangi nyeupe ukuta wa mbele tu, ule unaoonekana barabarani, akaazima viti vya plastiki parokiani, akanunua maua ya nailoni. Fabiola alimfuata ofisini na ombi dogo.

"Direkta, siku hiyo nitakuwa katikati ya kupima. Naomba wageni waangalie kupitia dirisha. Dirisha ni kubwa, wataona vizuri."

Direkta alivua miwani. "Wageni kwa dirisha? Binti yangu, weye ulilelewa wapi? Muntu anakuya kwako, unamuacha inje kama mwizi?"

Hapo kilichomfunga Fabiola mdomo kilikuwa malezi ya mama yake. Alilelewa katika nyumba ambamo mgeni hakai nje hata dakika. Hata aliyekuja kugomba hupewa kiti kwanza, anywe maji, ndipo agombe. Siku moja, akiwa mdogo, alimjibu jirani akiwa ameufungua mlango nusu, na Mama Pétronille alimchapa mbele ya huyo jirani. Mafunzo ya namna hiyo hayamtoki mtu kwa kupata diploma. Alisema, "Sawa, Direkta," akarudi labo.

Wakaja. Na wakaingia wote! Shefu Sévère mwenye kitambi na suti, walinzi wake, makatibu wake, mchungaji, mwandishi wa radio aitwaye Merdi na kinasa sauti chake, na mtu wa kamera aliyebeba taa kubwa inayochoma macho. Chumba cha watu wawili kikajaa mpaka mikono ikakosa pa kuwekwa. Na kwa sababu ni watu wenye adabu, kila mmoja akampa mkono kila mmoja, wakipindana na kukanyagana, "Jambo, jambo, habari ya masiku." Viti vya parokia vikapitishwa juu ya vichwa. Nje jenereta ilikuwa inapiga kelele, basi mlango ukafungwa.

Mchungaji akasimama kuomba. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa chake, na Direkta aliona haya. Unaweza vipi kuacha mashine ishindane na mtumishi wa Mungu? Alinyoosha mkono akakizima mwenyewe, kwa heshima zote.

Mchungaji aliombea kituo. Aliombea mkoa, akaombea taifa, akaombea wasafiri wa nchi kavu na wa majini, akawaombea waliobomolewa nyumba ziwa lilipopanda, akamrudia shefu na familia yake. Jasho lilianza kuwatiririka watu shingoni. Taa ya kamera ilikuwa inawaka moja kwa moja juu ya meza. Fabiola alikuwa amefumba jicho moja kwa ajili ya Mungu, na kwa lile lingine aliona mstari wa bluu unaanza kupanda. Maji ya nje yanapata moto. Kisha, taratibu, mstari mwekundu nao ukaufuata. Aliinua mkono. Lakini nani anakatiza maombi?

"Amina," watu wakasema, na Direkta akawa wa kwanza kufumbua macho. "Muheshimiwa, tazama! Ule mwekundu ni joto la ndani ya samaki. Linapanda mbele yetu!"

Shefu Sévère alijikokota mpaka kwenye kompyuta. "Joto la ndani likipanda, kwa muntu tunaita nini?"

"Homa," makatibu wakajibu kwa pamoja.

"Homa!" Shefu akageukia kinasa sauti cha Merdi. "Basi mikeke yetu iko na homa."

"Muheshimiwa, samahani," Fabiola akasema, "angalia mstari wa bluu kwanza. Ndio ulitangulia. Joto limetoka nje, limetoka kwetu sisi humu ndani ya chumba..."

"Binti," Direkta akamkata, anatabasamu kwa wageni, "uache shefu amalize."

Na shefu akamaliza. Jioni ile radio ikatangaza homa ya mikeke. Fabiola alimpigia Direkta, naye akaahidi kwamba kesho atarekebisha. Kesho ikapita na nyingine ikapita, na kumbe badala ya marekebisho ilikuwa inaandaliwa amri, na glavu nyeupe, na vidumu vya petroli.

Ndiyo hadithi aliyomwambia mama yake pale mlangoni. Mama Pétronille alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi banaombaka Mungu, halafu joto ya jasho yao banaiweka kwa samaki yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na weye ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

Mama alichukua beseni lake akashuka barabarani kwa miguu. Fabiola alimwangalia mgongo mpaka alipopotea. Akaenda kwa Direkta bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Direkta, wamemwaga petroli juu ya chakula cha watu! Mukeke ana homa wapi? Samaki ana joto la maji anamokaa, mtoto wa shule anajua!"

"Ninajua," Direkta akasema.

Fabiola alidhani hakusikia vizuri. "Unajua?"

"Fabiola, ninajua. Mimi pia nilisoma. Nilifikiri usiku ule, nikaona kosa ni ile klimu, ile mashine ya baridi, niliyoizima." Alikuwa anakwaruza meza kwa ukucha. "Lakini shefu amekwisha kusema kwa radio. Maneno ya mkubwa, utayarudisha kinywani mwake namna gani? Atafunga kituo. Subiri tu, watu watasahau."

"Watasahau kula?"

"Usiniletee kiburi."

Kiburi! Mtu huyu alijua, akanyamaza. Huyo ndiye aliyemchoma Fabiola kuliko yule wa glavu. Yule wa glavu alitumwa na hakujua. Sévère hajui na hajui kwamba hajui. Lakini huyu aliijua kweli, akaikalia kama mto wa kiti, huku sokoni akina mama wanakunja mikono mbele ya meza tupu, na kule Makobola wavuvi wanaanika nyavu kwa sababu hakuna mnunuzi. Fabiola alitamani kuchukua lile ua la nailoni amtupie. Badala yake akavuta pumzi, sauti ikawa tamu kama asali.

"Direkta una haki. Shefu hawezi kurudisha maneno. Basi tumwalike tena, aje athibitishe mwenyewe. Na radio ije, safari hii watu wasikie moja kwa moja. Tumpokee vilevile, na viti, na maombi. Itakuwa heshima kubwa kwa kituo."

Uso wa Direkta ulifunguka. Heshima ni kitu alichoelewa. Akaandaa.

Shefu Sévère hakukawia, maana mtu wa namna yake akiitwa kuthibitisha alichosema huja mbio. Waliingia walewale, wakapeana mikono vilevile, wakakanyagana vilevile. Tofauti ilikuwa dirishani. Kwa nje, wakiwa wamesogeza nyuso kwenye kioo kilichoachwa wazi kidogo, walikuwa Mama Pétronille, Mama Consolate na akina mama wengine wa mikeke. Fabiola alikuwa amewaita yeye.

"Muheshimiwa," Fabiola akasema kwa adabu zote, mikono nyuma, "safari iliyopita tulipima samaki. Leo kwa ulinganisho tunahitaji tone dogo la damu ya muntu mwenye afya kabisa. Asiye na homa hata kidogo."

Shefu akatazama kushoto na kulia, akacheka. "Afya? Mimi sijaugua tangu ndoa." Akatoa kidole. Fabiola akamchoma kwa sindano kama wanavyofanya wakipima malaria, na mkubwa wa division akafumba macho na kung'ata mdomo, mlinzi wake akamshika bega.

Fabiola aliiandaa damu ile, akazitenga chembe nyeupe zilizo hai, akazinywesha rangi yake, akaweka kiwaya pembeni. Ilichukua muda. Wageni walipewa soda, Direkta akawazungumzisha. Kiyoyozi kilikuwa bado kinafanya kazi, na mistari miwili ilipotokea kwenye kioo, ilitembea sambamba bila kupanda wala kushuka.

"Tone hili limekwisha kutoka mwilini mwa Muheshimiwa," Fabiola akaeleza, na Merdi akamsogezea kinasa sauti. "Sasa joto lake linafuata chumba. Mwekundu ni ndani ya seli yake, bluu ni maji yaliyoizunguka. Tuko tayari kwa maombi."

Mchungaji akasimama. Direkta, masikini, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kiyoyozi ukakizima. Taa ya kamera ikawaka. Mlango ukafungwa. Maombi yakapita mkoani, yakapita taifani, yakawafikia wasafiri wa majini. Safari hii Fabiola hakufumba jicho hata moja.

"Amina."

"Naomba Muheshimiwa atazame," akasema. "Bluu ilitangulia, mwekundu ukafuata. Joto la ndani ya seli ya Muheshimiwa limepanda sawasawa na lilivyopanda la mukeke." Akageukia kinasa sauti, kwa ule utulivu wa mtu aliyekasirika mpaka mwisho. "Joto la ndani likipanda, kwa muntu tunaita nini?"

Makatibu walitazama viatu vyao. Mchungaji akakohoa. Direkta alikuwa amegeuka rangi ya ukuta wake mpya.

"Homa!" Mama Consolate akapiga kelele kutoka dirishani. "Iko na homa! Na yeye bamumwangiye petroli!"

Kicheko kilianzia nje kikaingia ndani. Merdi alikuwa anatetemeka kwa kujizuia, na mlinzi mmoja akajifanya anafuta jasho ili afiche meno. Fabiola peke yake hakucheka. Aliwasha kiyoyozi, akafungua mlango, akamwomba mtu wa kamera azime taa, akaomba nusu ya wageni watoke nje. Wote waliobaki wakaona kwa macho yao: bluu ikashuka, na mwekundu ukashuka nyuma yake.

"Hiyo ndiyo homa ya mikeke," akasema. "Ni sisi."

Shefu Sévère alikaa akiufuta uso kwa leso. Ungetegemea nini kwa mtu kama huyo? Kwamba aseme nisameheni, akina mama? Aka! Alisimama, akavuta koti, akasogelea kinasa sauti.

"Ndugu wasikilizaji," akasema, "kama mlivyosikia, joto limeshuka. Kwa jitihada za division yetu, na kwa hatua kali tulizochukua sokoni, mikeke imepona."

Imepona! Fabiola alishika ukingo wa meza. Wala hakuwa anatania, mtu yule alisema kwa uso mkavu, na makatibu wakapiga makofi. Direkta Léopold naye akapiga. Jioni radio ikatangaza kwamba ugonjwa umeshindwa na watu wale samaki bila woga, na jina la Sévère likatajwa kwa shukrani. Petroli haikutajwa.

"Mama, umesikia uongo huo?" Fabiola aliuliza nyumbani, machozi ya hasira yakimlenga.

"Nimesikia." Mama Pétronille alikuwa anaosha beseni kwa majivu na sabuni, kwa mara nyingine tena, maana harufu haikutaka kutoka. "Kesho nitauzisha. Lakini hii harufu, radio haiisikie."

Akarudi sokoni, na watu wakanunua. Kituoni, Fabiola alipata seli mpya za mukeke, akaanza kazi yake upya tangu mwanzo. Hakuwa amefika mbali aliposikia magari yanapanda. Alichungulia. Shefu Sévère anashuka, mchungaji nyuma yake, makatibu, taa ya kamera, na Direkta anakimbia na viti vya parokia. Wamekuja kusherehekea kupona kwa mikeke. Mmoja alibeba keki.

Fabiola akaenda mlangoni. Usidhani ni rahisi. Akasimama katikati ya mlango.

"Karibuni kituoni," akasema. "Viti viko barazani. Humu ndani hamuingii."

Direkta alifika anahema. "Fabiola! Wageni inje? Mbele ya watu? Mama yako alikufundisha hivyo?"

"Minye hapa," sauti ikajibu kutoka nyuma ya magari. Mama Pétronille alikuwa anapanda kutoka barabarani, beseni la mikeke kichwani, amemletea binti yake samaki wa kupima kama kila asubuhi. Watu wakampisha. Alilitua beseni kizingitini kabisa, akavuta kiti kimoja cha parokia kutoka mkononi mwa Direkta, akakaa mbele ya mlango, akatandaza kitenge chake vizuri magotini.

"Ni minye nilimufundisha kufungulia mugeni," akamwambia shefu, anamtazama usoni. "Na mugeni nilimufundisha ni ule mwenye kuleta habari ya kwao. Ule mwenye kuleta petroli, sikumufundisha. Mukate keki yenu hapo barazani."

Hakuna aliyemgusa. Ungeanzia wapi kumsogeza mama wa watu aliyekaa na beseni lake? Shefu aliangalia kamera, akakuta inawaka.

Fabiola aliinama akachukua mukeke mmoja kutoka kwenye beseni. Akaingia ndani, akazungusha ufunguo, akakaa kwenye kistuli chake kusubiri mistari itulie.